Mwano, Filimbi na King'ora: Nani Huitika Usiku Kanda ya Ziwa?

Katika vyumba vya udhibiti vya kampuni za ulinzi, migodi na benki, ulinzi wa siku hizi huanzia kwenye ramani. Ofisa huketi mbele ya kompyuta, huchora mstari kuzunguka ghala, uzio au ua, huipa sehemu hiyo jina, kisha huiunganisha na vihisio vilivyotegwa ukutani, ardhini au langoni. Tangu hapo sehemu hiyo ni kanda ya tahadhari. Kihisio kikiguswa, kanda hugeuka nyekundu, king'ora hulia, na mtu aliyeandikwa kwenye orodha hupigiwa simu. Uchoraji wenyewe ni kazi ya dakika chache. Lakini ndani yake yamo maswali manne ambayo hayakuletwa na kompyuta: mpaka upite wapi; nani atambue kwamba umevukwa; nani aitwe, na akiitwa awajibike vipi; na nani ahesabiwe kuwa mvamizi.

Watu wa Mwanza, wa Usukuma kwa jumla na wa mwambao wa Ziwa Victoria wamekuwa wakiyajibu maswali hayo kwa vizazi kadhaa, mara kwa sauti ya kinywa, mara kwa filimbi, mara kwa daftari la balozi. Historia hiyo yafaa isomwe upya wakati huu ambapo mitaa yetu inaanza kuvutiwa na kamera na ving'ora. Inafundisha jambo moja lenye pande mbili. Kanda ya tahadhari hailindwi na mstari, bali na wajibu wa kuitika. Na yule anayeitika lazima naye awe na wa kumuuliza. Upande mmoja ukikosekana, ulinzi huwa jina tu. Ukikosekana wa pili, ulinzi huwa hatari kwa wale wale uliokusudiwa kuwakinga.

Tuanze na sauti. Usukuma wa zamani haukuwa na vijiji vya nyumba zilizobanana. Kila mji wa familia ulisimama katikati ya mashamba yake, umezungushiwa minyaa, zizi la ng'ombe likiwa ndani ya ua. Mpangilio huo ulifaa kilimo na malisho, lakini usiku ulimwacha mwenye mji peke yake na mali yake. Kinga yake ilikuwa mwano, yaani yowe la hatari ambalo Wasukuma na Wanyamwezi hulipiga wanapovamiwa. Mwanamume mwenye nguvu aliyelisikia alipaswa kutoka na silaha yake na kukimbilia lilikotokea. Mpaka wa kanda, kwa hiyo, ulikuwa mpaka wa masikio. Hakuna aliyeuchora, lakini kila mtu aliujua, maana kukaa kimya ilhali jirani analia lilikuwa kosa la kujibiwa mbele ya wenzake.

Sauti hiyo haikuelea hewani bila utaratibu. Vijana walikuwa na viongozi wao, basumba batale, waliopanga kazi za pamoja na kuwaadhibu wazembe. Juu yao walikuwepo banang'wa, wakuu wa vitongoji, na juu ya wote alikuwa ntemi na baraza lake. Waingereza waliutawala mkoa kupitia ngazi hizo, na mwaka 1946 waliwaunganisha watemi katika Shirikisho la Usukuma lenye makao yake Malya. Utemi ulikuwa na dhuluma zake, na chini ya mkoloni ulibebeshwa nyingine. Hata hivyo, mtu aliyekamatwa kwa kupigiwa mwano alikuwa na mahali pa kupelekwa, na waliomkamata walikuwa na mtu wa kuwahoji. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru iliondoa mamlaka ya machifu kisheria. Ngazi iliyosuluhisha ikaondoka, yowe likabaki.

Nafasi hiyo haikuachwa wazi. Miaka hiyo hiyo TANU ilianza kuwapanga wananchi katika mashina ya nyumba kumi, kila shina na kiongozi wake, ambaye watu walimwita balozi. Kwa mara ya kwanza nchi nzima, kutoka Kirumba hadi Kilwa, iligawanywa katika vipande vidogo vilivyofanana, kila kimoja na mtu wa kutoa taarifa. Mgeni aliyelala kwa jamaa alipaswa kujulikana kwa balozi. Ugomvi wa ndoa na deni la jirani vilianzia kwake. Tukiutazama mpango huo kama ramani ya ulinzi, tutaona kwamba ulijibu vizuri swali la nani atambue. Swali la nani aitike lilijibiwa kwa namna nyingine kabisa. Mwano ulikwenda kwa majirani. Taarifa ya balozi ilipanda kwenda tawini, wilayani na mkoani. Mwizi aliyevunja zizi saa nane za usiku hakusubiri taarifa ifike wilayani.

Kisha yalikuja mageuzi makubwa zaidi. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji, na Sheria ya mwaka 1975 ikavipa vijiji hivyo umbo la kiserikali. Usukuma, wenye miji iliyotawanyika, uliguswa kwa kina. Familia zilihamishwa kutoka nyuma ya minyaa yao na kupangwa kwa mistari kandokando ya barabara, mara nyingi karibu na watu wasiojuana na mbali na malisho. Kwenye karatasi, kanda zilikuwa hazijawahi kuwa nadhifu kiasi hicho. Lakini majirani wa mwano, ambao kila mmoja alikuwa na deni la kumkimbilia mwenzake, walikuwa wamesambaratishwa.

Mwaka 1976 ulionyesha hatari ya upande wa pili. Mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikumbwa na mauaji yaliyohusishwa na tuhuma za uchawi, na vyombo vya dola vilianzisha operesheni ya kuwasaka watuhumiwa. Wengi walikamatwa, waliteswa, na baadhi walifia mikononi mwa waliowashika. Hapo serikali iliitika, tena kwa nguvu nyingi, lakini kijijini hapakuwa na yeyote wa kuiuliza. Swali lilipofika Dar es Salaam lilikuwa zito kiasi kwamba mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alijiuzulu. Kujiuzulu kwake kunakumbukwa kwa haki kama mfano wa uwajibikaji. Lakini kwa mwananchi wa Usukuma somo lilikuwa jingine: ukimwita mwizi, polisi huenda wasije; wakija, huenda wakakuchukua wewe.

Halafu ikaja Vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Baada ya vita silaha za moto zilizagaa Kanda ya Ziwa, uchumi uliporomoka, bidhaa ziliadimika madukani, na wizi wa ng'ombe uligeuka kuwa ujambazi wa kutumia bunduki. Ni katika hali hiyo ambapo kati ya 1981 na 1982, katika maeneo ya Kahama na Nzega, wanakijiji walianza kujipanga wenyewe, na mtindo wao ukaenea upesi hadi Shinyanga na Mwanza. Wengine walijiita basalama, watu wa amani. Jina lililodumu ni sungusungu, la wale siafu weusi ambao mmoja wao si kitu, lakini kundi lao humfukuza hata mnyama mkubwa.

Mwanahistoria hawezi kupita hapa bila kusimama, maana sungusungu walichora upya ramani ambayo chama na serikali walikuwa wamekwisha kuichora. Kila kijiji kilikuwa na kundi lenye ntemi, katibu na makamanda. Tazama mchanganyiko huo: cheo cha kwanza kilitoka katika utawala uliofutwa 1963, cha pili katika ofisi ya chama, cha tatu jeshini. Silaha zilikuwa pinde na mishale. Ng'ombe wakiibwa, filimbi ililia katika mji mmoja, ikapokelewa na wa pili, kisha ikavuka kwenda kijiji cha jirani, ambacho nacho kiliziba njia zake na kupeleka sauti mbele. Mwizi alikimbia kwa miguu akiswaga mifugo. Habari ilikimbia kwa pumzi za watu. Kanda moja ikigutuka, zote zilizoizunguka ziligutuka pamoja nayo. Asiyetoka alipigwa faini, na aliyeendelea kukaidi alitengwa: hakuazimwa moto, hakuchotewa maji, hakuzikiwa maiti yake. Adhabu hiyo ilieleweka na kila mtu. Usipoitika, hutaitikiwa.

Serikali iligawanyika. Nyerere na viongozi wa chama waliona hapo wananchi wanaojitegemea katika ulinzi kama walivyohimizwa kujitegemea katika uchumi. Polisi na mahakama waliona watu wanaokamata, kuhukumu na kuadhibu bila sheria, na baadhi ya wanasungusungu walifikishwa kizimbani. Pande zote mbili ziliona sawasawa. Wizi wa ng'ombe ulipungua katika vijiji vingi, na hilo halikuwa jambo dogo kwa mtu ambaye zizi lilikuwa akiba yake, mahari ya mwanawe na plau yake. Lakini filimbi hiyo hiyo ilianza kupigwa dhidi ya watu ambao hawakuvuka mpaka wowote.

Swali la nne, la nani ahesabiwe kuwa mvamizi, ndilo lililolipasua jambo lote. Mwizi wa ng'ombe hutoka nje na huacha nyayo. Mchawi, katika fikra za wanaomtafuta, hukaa ndani na haachi alama yoyote. Hivyo kila alama iliweza kuwa ushahidi. Wanawake wazee wa Usukuma, wengi wao wajane, walishukiwa kwa sababu ya macho mekundu, ilhali macho hayo yalikuwa zao la miaka mingi ya kupikia kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe katika jiko lisilo na dirisha. Wengine walifukuzwa, wengine waliuawa kwa mapanga, na nyuma ya tuhuma mara nyingi palikuwa na shamba la kurithiwa. Sungusungu hawakuwa waanzilishi wa mauaji hayo, na mahali pengine waliyazuia. Lakini palipokuwa na baraza lililowahukumu watuhumiwa kwa uvumi, mwanamke mzee hakuwa na rufaa. Wale ambao angewapigia yowe ndio waliokuwa wamesimama mlangoni pake.

Somo hilo lilirudi kwa ukatili mpya kuanzia katikati ya miaka ya 2000, watu wenye ualbino walipoanza kuwindwa katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga na jirani zake kwa ajili ya viungo vyao. Watoto walikusanywa katika vituo na shule zenye uzio, kama Mitindo huko Misungwi na Buhangija mjini Shinyanga. Ukuta uliwaokoa, na waliowalinda wanastahili heshima. Lakini tufikiri maana ya ramani hiyo. Katika baadhi ya kesi waliohusishwa walikuwa ndugu wa damu. Wahenga walikwisha kusema kikulacho ki nguoni mwako. Mtoto alilazimika kutolewa katika kanda ya majirani na ukoo, ile iliyopaswa kuwa ya kwanza kuitika, ili awe salama. Hakuna kihisio kinachoweza kutambua mvamizi ambaye funguo za nyumba zimo mfukoni mwake.

Mwaka 1989 marekebisho ya sheria za mgambo yaliwatambua sungusungu na kuwapa mamlaka ya kukamata. Augustine Mrema alipokuwa Waziri wa Mambo ya Ndani mwanzoni mwa miaka ya 1990 aliwahimiza hadi mijini, na mtaa ambao haukuwahi kusikia mwano ukapangiwa zamu. Baadaye, hasa kuanzia 2006 Said Mwema alipokuwa Mkuu wa Jeshi la Polisi, tulizoea majina mapya: polisi jamii na ulinzi shirikishi. Kenya nayo, baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013, iliazima jina na mfano wa nyumba kumi kutoka kwetu. Katika safari hiyo ya kuingia mijini, badiliko moja lilipita bila kujadiliwa vya kutosha. Wajibu wa kutoka usiku uligeuzwa kuwa mchango wa fedha. Kaya inalipa kila mwezi, vijana wachache wanazunguka na marungu na tochi, na wengine tunalala. Aliyelipa huona amekwisha kuitika. Filimbi ikilia, hujifunika shuka.

Fedha hiyo ndiyo inayochora ramani ya jiji la Mwanza leo. Capri Point na maeneo yanayofanana nayo yana kuta, walinzi wa kampuni, kitufe cha dharura na gari la doria. Vilimani Mabatini na Igogo nyumba zimepandiana juu ya mawe, na njia nyingi ni ngazi na vichochoro ambamo gari halipiti hata likiitwa. Ukizitazama sehemu hizo kwenye ramani ya kampuni ya ulinzi, za kwanza zina kanda zenye majina na namba. Za pili ni nafasi tupu. Lakini kwa kipimo cha mwano mambo yamepinduka. Kilimani yowe la mtu mmoja husikika na kaya nyingi, na watu hutoka. Nyuma ya ukuta wenye nyaya za umeme mtu anaweza kulia mpaka asubuhi jirani asimjue hata jina.

Ziwani hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa maji hayana jirani. Mvuvi anayeporwa injini na nyavu katikati ya usiku hana sikio la karibu. Vikundi vya usimamizi wa mialo, ambavyo Sheria ya Uvuvi ya 2003 ilivitambua, vimebeba sehemu ya kazi hiyo: kujua boti za mwalo, kuandikisha wageni, kutoa taarifa na kushiriki doria. Hapo tunaona nyumba kumi ikiwa imeshuka hadi ufukweni. Ni utambuzi mzuri, lakini utambuzi bila boti ya kwenda na mafuta ya kuipeleka ni daftari la balozi tu.

Mfano mkali kuliko yote uko Nyamongo wilayani Tarime, mashariki ya ziwa, katika mgodi wa North Mara. Hapo maswali yote manne yamejibiwa kwa teknolojia na mtaji: uzio na ukuta, walinzi wa kampuni, na polisi wa serikali wanaolinda chini ya makubaliano na kampuni. Mvamizi ni nani? Kwa lugha ya mgodi ni yule anayeingia kuokota mawe yenye dhahabu kwenye marundo ya mabaki. Kwa lugha ya kijiji ni kijana wa pale pale, ambaye wazee wake walichimba kwa mikono ardhi hiyo kabla mgodi mkubwa haujafunguliwa. Tarehe 16 Mei 2011 watu wasiopungua watano waliuawa kwa risasi za polisi baada ya kundi kubwa kuingia mgodini. Baadhi ya wanavijiji walifungua shauri huko London, na mwaka 2015 likamalizwa kwa makubaliano nje ya mahakama.

Sisemi kwamba kuvamia mgodi ni haki, wala kwamba polisi waliokabiliwa na umati hawakuwa hatarini. Nasema kwamba tunapaswa kuitazama ramani. Ramani ya Nyamongo ilichorwa na watu ambao hawaishi ndani yake, ikamfanya mwenyeji kuwa mvamizi, na ikampa anayeitika bunduki. Ajabu ni kwamba baadhi ya wanavijiji walilazimika kwenda hadi mahakama ya Uingereza kumtafuta wa kumuuliza. Mwaka 1976 swali lilisafiri kutoka Usukuma hadi Dar es Salaam. Safari hii lilivuka bahari. Kadiri anayeitika anavyokuwa mbali na wanaoishi kandani, ndivyo swali linavyosafiri mbali zaidi kutafuta jibu.

Turudi sasa kwenye mitaa yetu. Kata na masoko yanayopanga kufunga kamera na ving'ora hayakosei kutafuta zana bora. Filimbi ilikuwa zana, na simu ya mkononi imekwisha kuwa filimbi ya kizazi hiki. Lakini kabla mtu hajachora kanda ya kwanza, mkutano wa mtaa una haki ya kupata majibu kwa maandishi. Kengele ikilia saa tisa za usiku, nani atatoka, kwa miguu au kwa gari, na atatumia njia ipi kufika kilimani? Akimkamata mtu, atampeleka wapi, na ndani ya muda gani? Picha za kamera zitatunzwa na nani, ilhali sasa tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022? Machinga anayepitisha bidhaa alfajiri, mwendawazimu anayelala barazani na mjane asiyelipa mchango watahesabiwa kuwa nani katika kanda hiyo? Na mlinzi akikosea, mwananchi atamshtaki kwa nani bila kulazimika kupanda ndege?

Mtaa ukiyajibu hayo, hata filimbi ya shilingi chache itatosha kuanzia. Usipoyajibu, tutakuwa tumenunua kwa bei kubwa kile ambacho wazee wa Usukuma wangekikataa bure: yowe lisilo na wa kuitika, au waitikaji wasio na wa kuwauliza.